SOMO: TUPIME UPEPO KWANZA, NDIPO TUUHUKUMU MTAMBO
Jinsi ya kupima kazi na hali ya mtumishi wa chama



Kila unapomalizika msimu wa pamba, mikutano ya vyama vya msingi huuliza swali lile lile: je, watumishi wetu wamefanya kazi ipasavyo? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa mishahara yao hutokana na jasho la mkulima. Lakini aghalabu majibu yake hayatokani na kipimo, bali hutokana na hasira au upendeleo. Shabaha ya somo hili ni kuwapa Makatibu na wajumbe njia ya kupima. Tutaanza na mashine, kisha tutakuja kwa mtu.

1. Mtambo wa upepo hupimwaje?

Hapa Ibadakuli twakifahamu kituo cha kupozea umeme, ambako huishia njia kuu ya umeme itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida, mwendo wa kilomita 670 hivi. Umeme waweza kuzalishwa kwa maji, kwa gesi, au kwa upepo. Katika nchi jirani ya Kenya, huko Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana, imesimamishwa mitambo ya upepo 365, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 850. Tukizidisha twapata kilowati 310,250, yaani megawati 310.

Hizo kilowati 850 ni uwezo wa juu kabisa. Mwaka una saa 8,760; mtambo ungefanya kazi kwa nguvu zote mwaka mzima ungetoa yuniti 7,446,000. Hakuna mtambo wa upepo uwezao kufanya hivyo, kwa sababu upepo hauvumi sawasawa. Tuseme, kwa mfano, mtambo mmoja umetoa yuniti 3,723,000, yaani nusu. Je, mtambo huo ni mbovu? Hatuwezi kujibu mpaka tujue ni upepo gani uliovuma.

Kanuni ya upepo ni hii: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo huongezeka mara nane, kasi ikipungua kwa nusu, nguvu hubaki sehemu moja ya nane. Tena Mjerumani Albert Betz alionyesha kwamba mapanga ya mtambo, hata yakiwa bora namna gani, hayawezi kuchukua zaidi ya sehemu 59 hivi katika kila 100 za nguvu ya upepo upitao. Ndiyo maana wataalamu hawatazami umeme peke yake. Huandika wastani wa kasi ya upepo na wastani wa umeme uliotoka kwa kila dakika kumi, wakaviweka bega kwa bega. Upepo ukiwa mzuri na umeme ukawa haba, hapo ndipo hutafuta kasoro: mapanga yamechafuka au kulika, au kichwa cha mtambo hakielekei upepo.

Liko na jambo la pili. Mitambo ya Turkana ilikwisha simamishwa yote mwaka 2017, lakini njia ya kupeleka umeme hadi Suswa ilikuwa haijakamilika. Umeme uliingia katika gridi ya taifa mwezi Septemba 2018. Kwa muda wa zaidi ya mwaka upepo ulivuma, mitambo ilikuwa mizima, na mwananchi hakupata kitu. Kosa halikuwa la mtambo.

2. Karani wa mizani

Katika ukaguzi wangu nilipata kufika katika chama kimoja ambacho wanachama wake walikuwa wamemfukuza karani wa mizani. Shutuma ilikuwa kwamba ni mvivu: wakulima walilala kwenye foleni na pamba yao. Aliajiriwa mwingine, na huyo naye akashindwa vile vile. Mkutano ulikuwa tayari kumfukuza wa pili.

Nikaomba vitabu viwili: daftari la mizani na daftari la fedha. Niliviweka bega kwa bega, siku kwa siku. Siku ambazo fedha za ununuzi zilifika asubuhi, foleni ilikwisha kabla ya jua kutua. Siku ambazo fedha zilifika jioni au hazikufika kabisa, mizani ilisimama. Isitoshe, makarani wote wawili walikuwa wakidai mishahara ya miezi mitatu. Karani wa pili alibakizwa. Yule wa kwanza alikuwa amekwisha kwenda kutafuta riziki machimboni Geita, na sifa ya uvivu aliyopewa ilikuwa ingali midomoni mwa watu. Vitabu hivyo vilikuwamo kabatini siku aliyofukuzwa, hakuna aliyevifungua.

3. Hali tatu za kazi

Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, William Kahn, alitoa utafiti juu ya watumishi wa kambi ya vijana na wa ofisi ya wasanifu majengo. Alitaka kujua ni lini mtu huitia moyo kazi yake, na ni lini huuweka moyo kando akabakiza mikono tu. Aliona hali tatu:

(a) Maana: mtumishi aione kazi yake kuwa ina faida na inathaminiwa.
(b) Usalama: aweze kusema kweli pasipo kuogopa kuadhirishwa au kuadhibiwa.
(c) Wasaa: awe na nguvu za mwili na utulivu wa moyo wa kuifanya.

Tuchukue mlinzi wa ghala. Vyama vingi vina mlinzi mmoja alindaye saa 12 kila usiku, siku saba; hizo ni saa 84 kwa juma, na saa 336 kwa majuma manne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, zisizidi 50 katika majuma manne, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya kawaida. Jumla ya juu ni saa 230. Mlinzi huyo amezidishiwa saa 106. Akikutwa amesinzia na marobota yameibwa, Kamati itamlaumu nani?

4. Mtu si mtambo

Mtambo haujui kwamba unapimwa, mtu anajua. Kati ya mwaka 1924 na 1932, katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, wataalamu walibadili mwanga na vipindi vya mapumziko, na wakawahoji wafanyakazi zaidi ya 20,000. Wengi walihitimisha kwamba mfanyakazi anayesikilizwa huongeza bidii. Baadaye wengine walizipitia upya hesabu wakaonya kwamba katika chumba kimojawapo hata njia ya malipo ilikuwa imebadilishwa. Basi tusikilize, lakini tusidhani kwamba maneno mazuri huziba pengo la mshahara.

Wala somo hili si kinga ya mwizi au mzembe. Ikiwa fedha zilifika, vifaa vilikuwapo, mshahara ulilipwa, na kazi haikufanyika, mtumishi aitwe, asikilizwe, na hatua zichukuliwe kwa mujibu wa sheria.

5. La kufanya

Ndugu Katibu, fungua daftari lenye safu nne: tarehe, hali ya kazi siku hiyo (fedha, vifaa, saa alizofanya), kazi iliyofanyika, na maelezo ya mtumishi mwenyewe. Lisomwe katika kila kikao cha Kamati, na lifunguliwe kabla ya mtu yeyote kufukuzwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika msimu uliopita, ni siku ngapi mizani ya chama chenu ilisimama, na kwa sababu gani?
2. Mlinzi wenu hufanya saa ngapi kwa juma? Hulipwa saa za ziada?
3. Je, yuko mtumishi mliyemwondoa bila kufungua vitabu? Chama kina wajibu gani kwake?