Kumaliza Kazi ya Ngozi: Tuondoe Makosa Kabla ya Kwenda Sokoni

Somo la leo ni la wale wanaotengeneza mikanda, pochi na majalada ya Biblia kwa ngozi iliyopigwa nakshi kwa mkono. Kazi hii ni ya zamani. Katika kitabu cha Kutoka tunasoma kwamba hema la kukutania lilifunikwa kwa ngozi za kondoo waume zilizotiwa rangi nyekundu, na katika Matendo ya Mitume Petro alikaa Yafa nyumbani kwa Simoni, mtengenezaji wa ngozi.

Kuchora nakshi wengi tunajifunza haraka. Shida huja mwishoni, wakati wa rangi na kung'arisha. Fikirini: mama ananunua mkanda wenu mweusi Jumamosi, Jumapili anauvaa juu ya gauni jeupe la kwaya, na rangi inashika gauni. Huyo harudi tena, na kwaya nzima itasikia. Bei ya mkanda mmoja ni kidogo, lakini jina la kikundi likiharibika ni hasara ya wote.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kosa linaloonekana mwishoni mara nyingi lilianza mapema. Ukilifunika kwa rangi nyingine au vanishi nyingine, unaliongeza. Tafuta chanzo kwanza. Halafu jaribu dawa kwenye kipande kilichobaki cha ngozi hiyo hiyo, si kwenye kazi yenyewe.

IJUE NGOZI YAKO

Ngozi ya kupiga nakshi ni ile iliyotengenezwa kwa dawa ya miti, kama magome ya miwati. Sisi wa upande huu tunaijua miwati vizuri, maanake kule Eldoret kampuni ya EATEC ilikamua dawa hiyo kwa miaka mingi. Ngozi iliyotengenezwa kwa kromu haishiki nakshi. Unapiga, inarudi ilivyokuwa. Kata ukingo uangalie ndani: ya kromu huwa na rangi ya buluu au kijivu, ya miwati huwa ya kahawia. Ukiweka tone la maji, ngozi ya miwati ambayo haijapakwa kitu hulinywa na kuwa nyeusi kidogo.

1. MADOA MEUSI YASIYOJULIKANA YALIKOTOKA

Dawa ya miwati ikikutana na chuma katika maji hutoa rangi nyeusi. Kwa hiyo ukilaza msumari, kisu au nyundo juu ya ngozi mbichi kwa maji, utaona doa. Kabla ya kutia rangi, paka maji ya ndimu kwa kitambaa, ngoja dakika chache, doa litafifia. Futa kwa maji safi, kausha kivulini. Siku nyingine tumia bakuli la plastiki, na vyombo vya chuma vikaushe kabla ya kuvishika.

2. RANGI YENYE MABAKA

Chanzo huwa ni jasho la mikono, mafuta, au gundi iliyomwagika. Mahali palipo na gundi rangi haiingii. Kwangua gundi taratibu, kisha pangusa ngozi yote kwa kitambaa chenye unyevu. Tia rangi kwa sponji ukizungusha mkono, mipako miwili myepesi badala ya mmoja mzito. Kama mabaka yameshatokea, usiongeze rangi mahali pale palipofifia peke yake. Paka mafuta kidogo sana, uiache usiku mmoja. Mara nyingi rangi hujisawazisha. Ikikataa, tia kazi yote rangi nyeusi zaidi.

3. RANGI INAYOACHIA

Hii ndiyo inayoharibu gauni. Vumbi la rangi limebaki juu ya ngozi. Acha kazi ikauke siku nzima, halafu isugue kwa kitambaa kikavu. Badilisha kitambaa, endelea mpaka kitoke safi. Hapo tu ndipo upake nta. Ukipaka nta juu ya vumbi la rangi, umelificha kwa muda. Joto na jasho la mwili vitalitoa.

Kwa weusi iko njia rahisi isiyoachia kirahisi. Chukua waya laini wa kusugulia sufuria, ule unaoshika kutu, uweke katika chupa ya siki. Usikaze kifuniko, maanake hewa inatoka ndani na chupa inaweza kupasuka. Tena iwe mbali na moto. Baada ya wiki moja au mbili chuja kwa kitambaa. Ukiipaka kwenye ngozi ya miwati, inageuka nyeusi kwa sababu ile ile ya madoa tuliyoyataja juu. Suuza kwa maji, kausha, kisha paka mafuta kwa sababu ngozi hukauka sana. Ngozi ya kromu haigeuki hivyo.

4. VANISHI INAYOPASUKA

Vanishi ya mbao hukauka ikawa ngumu, na mkanda ni kitu cha kukunjwa. Hata dawa nzuri ya ngozi ikipakwa nene hupasuka. Jaribu kuiondoa kidogo kidogo kwa kitambaa chenye spiriti. Ujue rangi nayo itatoka, utaitia upya. Spiriti hushika moto haraka, kwa hiyo fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara. Kama nyufa zimeingia kwenye ngozi yenyewe, hakuna dawa. Kata sehemu nzima zilizo salama, utengeneze vishikio vya funguo.

5. WEUPE JUU YA NGOZI

Upande wa Kitale mvua huanza kama Machi au Aprili na kuendelea miezi mingi. Ngozi ikifungwa ndani ya mfuko wa plastiki huota ukungu. Lakini si kila weupe ni ukungu. Pasha joto kidogo kwa kiganja au kitambaa cha moto. Ukiyeyuka, ni mafuta au nta iliyozidi, futa tu. Usipoyeyuka, ni ukungu. Peleka kazi nje, futa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, anika kivulini penye upepo. Hifadhi kwa karatasi au kitambaa, si plastiki.

MAFUTA NA NTA YA NYUMBANI

Msitumie mafuta ya kupikia wala siagi. Huchacha na kunuka. Chemsha miguu ya ng'ombe iliyosafishwa, bila chumvi, uchote mafuta yanayoelea juu. Kwa nta, changanya sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu mbili za mafuta hayo. Yeyusha ndani ya kopo lililowekwa katika maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Ikipoa, paka kidogo na usugue. Kingo zilizo na nyuzi zilainishe kwa msasa, zitie maji kidogo, usugue kwa kijiti laini mpaka zing'ae, kisha nta.

KABLA YA KUUZA

Sugua kila kazi kwa kitambaa cheupe kilicholowa kidogo. Kikishika rangi, kazi haijaisha. Kunja mkanda mara kumi uangalie nyufa. Kazi yenye kasoro ndogo iuzwe bei ya chini, na mnunuzi aambiwe ukweli.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni makosa gani wateja wetu wamelalamikia zaidi, na yalianza hatua gani?
2. Nani katika kikundi atapima kila kazi kwa kitambaa cheupe kabla haijatoka?
3. Mteja akirudisha kazi, tutamtendeaje ili arudi tena?

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.