Serikali ya Nini? Somo Kuhusu Uhuru na Geti la Mtaa

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha wazazi na vijana hapa Donholm. Tulikusudia kuongea juu ya mikopo ya vikundi, lakini kijana mmoja aliinua mkono akasema, "Mimi naona tungeishi vizuri bila serikali. Taka tunalipia wenyewe. Maji tunanunua kwa mkokoteni. Soja wa usiku tunamlipa sisi. Sasa serikali ni ya nini?"

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Mama mmoja mzee hakucheka. Alisema tu, "Wewe elfu mbili na saba ulikuwa bado mgongoni." Mikopo tukaisahau siku hiyo.

Swali la kijana si la kipumbavu. Wenye elimu kubwa wamelihangaikia. Thomas Hobbes wa Uingereza alitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1651, nchi yake ikitoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mfalme wake akiwa amekatwa kichwa mwaka 1649. Aliona kwamba hata mnyonge anaweza kumuua mwenye nguvu akiwa usingizini, kwa hivyo pasipo na mkubwa wa wote kila mtu humwogopa mwenzake, na hakuna atakayejisumbua kulima au kujenga. Dawa yake ilikuwa kumpa mtawala uwezo wote. John Locke, ambaye maandishi yake juu ya serikali yalitoka mwaka 1689, alikubali nusu. Watu huweza kuelewana bila serikali, alisema, lakini wakikosana kila mmoja huwa hakimu wa kesi yake mwenyewe. Na mtawala naye ni mtu, kwa hivyo afungwe na sheria.

Mimi katika kazi hii ya ustawi wa jamii namwona Locke karibu zaidi na nyumba zetu. Wengi ninaowapatanisha si watu wabaya. Mwenye nyumba ana hoja, mpangaji ana hoja. Taabu ni kwamba kila mmoja anataka kuwa hakimu.

Sasa tuchukue geti. Katika mtaa mmoja hapa kwetu, sitautaja, wakaaji walichanga pesa wakaweka geti la chuma na soja wawili. Geti lilifungwa saa nne za usiku. Wizi ulipungua, hilo ni kweli. Baadaye kamati ikaamua kwamba asiyelipa mchango hafunguliwi. Usiku mmoja mama mwenye uchungu wa kuzaa alifika getini kwa teksi akielekea hospitali. Bwanake alikuwa na deni la miezi miwili. Soja alisema yeye ameagizwa. Nilipigiwa simu nikafika, nikakuta majirani wakigombana na soja, na mama ameketi chini. Walilifungua kwa nguvu. Mtoto alizaliwa salama, lakini mimi sikulala.

Tazama vizuri geti hilo. Lina kodi, lina askari, lina adhabu. Ni serikali tayari! Kilichokosekana ni mahali pa kukata rufaa, kitabu cha hesabu kilicho wazi, na siku ya kuwachagua wengine. Tulidhani tumeikimbia serikali, kumbe tumetengeneza ingine ndogo isiyo na mtu wa kuiuliza.

Wale wanaotaka kujua nchi nzima ikikosa serikali inakuwaje, wasiende mbali. Wapande matatu hadi Eastleigh wakaulize wazee wa Kisomali. Siad Barre alikimbia Mogadishu Januari 1991, na kila kundi lenye bunduki likaweka kizuizi chake barabarani na kutoza ushuru. Biashara haikufa, na hapa namkubalia kijana wetu: kampuni za simu na za kutuma pesa zilistawi sana. Lakini ndugu yako akiuawa, ulimshtaki wapi? Kaskazini, wazee wa koo walikutana Borama mwaka 1993, wakakaa miezi kadhaa, wakapatana juu ya amani, kisha wakachagua rais na kuweka baraza la wazee. Watu walioonja kukosa serikali walikaa chini wakaiunda wenyewe.

Kwetu tumeonja pande zote mbili. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa kwa sheria nchi ya chama kimoja, na kifungu hicho, 2A, kiliondolewa Desemba 1991. Mkutano wa hadhara ulihitaji leseni. Ni mwaka 1997 tu sheria ilipobadilishwa, ikawa mwenye mkutano anawapa polisi taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Wengine huona hiyo ni tofauti ndogo. Aliyeomba leseni akanyimwa anajua kwamba kuomba na kuarifu si kitu kimoja.

Halafu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 walikufa. Barabarani kulikuwa na vizuizi ambapo vijana walidai kitambulisho ili wajue kabila lako. Huyo ndiye mtu asiye na mkubwa. Lakini wengi wa waliopigwa risasi walipigwa na polisi, na huyo ndiye mkubwa asiye na kamba. Mambo hayo mawili yalitokea katika majuma yale yale. Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kufunga kamba: aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, na haki ya mtu isipunguzwe ila kwa sheria na kwa sababu inayokubalika.

Wakaaji wa lile geti nao walikaa chini. Waliandika kwamba geti hufunguliwa kwa mgonjwa yeyote na kwa moto, deni au hakuna deni. Deni hujadiliwa kikaoni mchana, si getini usiku. Kamati huchaguliwa kila mwaka. Hesabu zilitakiwa kubandikwa kila mwezi, lakini mwenyekiti mpaka leo hajazibandika.

Kijana wetu aliposikia hayo aliuliza, "Na akikataa kabisa?" Tulimaliza muda kabla ya kumjibu. Kwa kikao kijacho, kila mmoja aje na jibu kuhusu mtaa wake: ni nani anashika ufunguo wa geti, na ukiwa na malalamiko juu yake unayapeleka kwa nani?