Mabomba ya hewa Rumangabo: chora kwanza, feni baadaye

Unajenga ofisi au ukumbi wa mikutano Rumangabo, na unataka kila chumba kipate hewa kulingana na watu waliomo. Vizuri. Shika penseli kabla hujashuka Goma kutafuta feni.

Gawa jengo kwa saa za matumizi. Ukumbi unaojaa asubuhi usitumie kisanduku kimoja cha hewa na stoo. Kila kundi la vyumba lipate kisanduku chake chenye dampa, yaani kilango kinachoachia au kubana hewa. Bomba kuu lipitishe juu ya korido, njia fupi, kona chache. Chagua la duara: halivuji sana na halili bati jingi.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kabla ya kila kisanduku, acha bomba linyooke kwa angalau mara tatu ya kipenyo chake. Bomba la milimita 200 lipe sentimita 60. Hewa inayotoka kwenye kona bado inazungukazunguka, na kipimo kilicho mdomoni mwa kisanduku kinasoma uongo. Dampa inaufuata uongo huo: inafunguka, inajifunga, inafunguka tena, mchana kutwa. Nafasi ikikubana, sogeza kisanduku.

Bomba laini linalopindika litumie mwishoni tu, kipande kifupi kilichovutwa vizuri. Likining'inia kama utumbo, linakaba hewa.

Kipimo cha mgandamizo kinachoongoza feni usikiweke karibu nayo. Kiweke theluthi mbili ya safari ya bomba kuu. Hapo feni itajua vyumba vya mbali vinahitaji nini, na itapunguza mwendo vyumba vikiwa vitupu. Ikizunguka kwa nusu ya mwendo, hesabu inasema itakula karibu sehemu moja ya nane ya umeme. Uwe unatumia umeme wa maji wa kituo cha Matebe au jenereta ya dizeli, hiyo ni pesa yako.

Mwambie muuzaji uko juu ya mita 1,400. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, na majedwali mengi ya feni yameandikwa kwa usawa wa bahari.

Mdomo wa kuvutia hewa uweke juu, mbali na moshi wa jenereta na jiko. Usiuweke bondeni kamwe: ukanda huu wa volkano una mazuku, gesi nzito inayolala mabondeni usiku. Weka chujio, na mlango wa kulifikia, maana vumbi na majivu havikosekani.

Kabla hujafunga dari, washa feni na upitishe mkono kwenye kila kiungo. Ukihisi upepo, ziba siku hiyohiyo.