Ndoo ya Jik na Tope la Chekereni

Ukishuka kutoka Moshi mjini, ukapita Mabogini hadi Chekereni, unaingia kwenye mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na mito ya Rau na Njoro kupitia skimu ya umwagiliaji iliyokamilika mwaka 1987. Msimu wa kupandikiza tope halikwepeki. Liko kwenye mabuti, kwenye miguu ya watoto, hadi kwenye sakafu ya kibanda cha mama lishe anayewapikia vibarua. Hapo ndipo dawa ya kuua vijidudu inapopata kazi kwelikweli, na hapo ndipo wengi tunapoimwaga bure.

1. Sabuni kwanza, Jik baadaye
Klorini iliyomo kwenye Jik haichagui adui. Ikikutana na tope, mafuta ya nyama au kinyesi cha kuku, inaishia kupambana na huo uchafu, na bakteria wanabaki wakiangalia. Sugua kwa maji na sabuni, suuza, ndipo upake dawa.

Hata wanasayansi walichelewa kulizingatia hili. Mwaka 1903 Rideal na Walker, wa Uingereza, walitunga kipimo cha kulinganisha nguvu ya dawa yoyote na ile ya fenoli katika kuua bakteria wa taifodi. Kipimo kilipendwa sana, ila kilifanyika kwenye kimiminika kisafi, bila uchafu wowote. Mwaka 1908 Harriette Chick na Charles Martin wakauliza swali ambalo mama yeyote wa nyumbani angeuliza: choo gani kisafi hivyo? Wakaongeza kinyesi cha binadamu kilichokaushwa na kusagwa kwenye jaribio lao, na nguvu ya baadhi ya dawa ikaporomoka. Maabara za leo hutumia protini ya damu ya ng'ombe badala ya kinyesi (nadhani wafanyakazi wa maabara walishukuru). Katika kipimo cha Ulaya cha EN 1276, dawa inatakiwa ndani ya dakika 5 ipunguze bakteria 100,000 hadi asibaki zaidi ya mmoja.

2. Pima, usikadirie kwa jicho
Soma lebo ya Jik. Kama imeandikwa asilimia 3.5, hesabu ni nyepesi. Kwa meza, ubao wa kukatia na vyombo, weka kijiko kikubwa kimoja kwenye lita moja ya maji. Hiyo ni asilimia 0.05 hivi. Kwa matapishi, damu au choo cha mgonjwa wa kuhara, changanya kikombe kimoja cha Jik na vikombe 6 vya maji, upate asilimia 0.5. Kuzidisha hakukuongezei usalama; utakohoa, na sufuria itaanza kuliwa.

3. Ipe muda
Kupaka na kufuta papo hapo ni kupoteza hela. Acha sehemu ibaki imelowa dakika 10. Vyombo vya chakula suuza baadaye kwa maji safi. Spiriti nayo ina siri yake: ya asilimia 70 huua vizuri kuliko ya 95, kwa sababu maji yaliyomo ndiyo yanayoisaidia kuvuruga protini za bakteria, na haikauki haraka mno.

4. Mchunguze mtuhumiwa mkuu: kitambaa cha meza
Kitambaa kile kile kinafuta meza, kinafuta mikono, kinarudi ndooni, na tunajipa moyo kwamba ndoo ina dawa. Mwaka 1966 Kelsey na Maurer waliamua kupima dawa zikiwa kazini, hospitalini, zilivyo kwenye ndoo za kudekia na mitungi. Unachukua mililita 1 ya dawa inayotumika, unaichanganya na mililita 9 za kimiminika cha kuizima makali, kisha unadondosha matone 10 kwenye kila sahani kati ya mbili za kuoteshea bakteria. Moja inakaa siku 3 kwenye nyuzi 37, nyingine siku 7 kwenye joto la chumba. Yakiota makundi zaidi ya 5 kwenye sahani yoyote, dawa imefeli. Wewe huna sahani hizo, lakini macho unayo: maji ya ndoo yakibadilika rangi, mwaga. Na mchanganyiko wa jana usitumike leo.

5. Jik haitaki mwenzake
Usiichanganye na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi ya klorini, na chooni hakuna pa kukimbilia. Amonia nayo hapana, na mkojo mkavu una amonia. Mwaga maji kwanza.

6. Chupa ikae gizani
Jua na joto la tambarare vinaila klorini taratibu. Ile ya kupima, inayouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa bila lebo wala tarehe, mimi siinunui. Huwezi kuizimua kwa hesabu wakati hujui imeanzia wapi, na mtoto mwenye kiu hasomi.

7. Maji ya mfereji yatulize kwanza
Yaache tope litue, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie dawa ya maji ya WaterGuard kwa kipimo cha lebo na usubiri dakika 30. Ukipenda kuchemsha, yakishatokota dakika 1 inatosha. Kwa sababu ya mwinuko, Chekereni maji huchemka kwenye nyuzi 97 na ushei, na Marangu, kule juu zaidi, chini ya hapo, lakini vijidudu vya kuhara hufa kabla ya kufikia huko. Wapagazi wanaolala kambi ya Horombo mlimani, mita 3,720, wayaache yatokote dakika 3. Yakipoa, tia kwenye dumu lenye mfuniko na umimine. Kikombe cha kila anayepita kisizamishwe humo.