Somo la Kiingereza: Ile "s" Inakaa Wapi?



Wengi wenu mlioko Mahama na Kiziba mnaandika barua za Kiingereza kwa ofisi za Kigali: kuomba matibabu, kuulizia ndugu aliyepotea. Watoto nao wanakutana nacho darasani, kwani Rwanda iliamua mwaka 2008 kukifanya lugha ya kufundishia. Leo tuangalie herufi moja ndogo inayoweza kuongeza au kupunguza mtoto ndani ya barua yako.

Tuseme umeandika "My sons lives in Bukavu". Anayesoma Kigali haijui familia yako. "Sons" inamwambia ni wengi, "lives" inamwambia ni mmoja. Aandike wangapi?

Katika lugha zetu hatukosei hapa, maana alama iko mwanzoni mwa kitenzi: mtoto anasoma, watoto wanasoma, kwa Kinyarwanda na Kirundi, umwana arasoma, abana barasoma. Kiingereza huiweka mwishoni, na herufi ni ile ile kwa kazi mbili zinazopingana. Kwenye jina, "s" huonyesha wingi. Kwenye kitenzi cha wakati uliopo huonyesha kwamba mtendaji ni mmoja:

My son lives in Bukavu.
My sons live in Bukavu.

Tahadhari na "children" na "people". Hayana "s", lakini ni wingi. Basi andika "My children live", usiandike "lives". Kosa hili tunaliona hata kwa waliosoma sana.

"Is" na "was" ni za mmoja. "Are" na "were" ni za wengi. Watu wawili waliounganishwa na "and" ni wengi: "My wife and my son are sick." Lakini katika "The father of these children is sick", mgonjwa ni baba peke yake. Usidanganywe na neno lililo karibu na kitenzi. Jiulize kwanza, nani anaumwa?

Ukiandika barua, taja na idadi: "My two sons live in Bukavu." Hapo hata ukikosea "s", hesabu ya watoto inabaki.

Jaribu mwenyewe, jibu likiwa "is" au "are":
1. My mother ... old.
2. My brother and my sister ... in Goma.
3. The mother of the boys ... here.

Majibu: 1. is, 2. are, 3. is.