Mji wa Kale wa Mombasa: Msafiri na Ushahidi wa Majina

Aghalabu mgeni afikaye Mombasa huelekea kwanza Ngome ya Yesu. Husimuliwa kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na kwamba Waomani waliitwaa mwaka wa 1698 baada ya kuizingira kwa muda mrefu. Hupiga picha, kisha hurejea hotelini. Makala haya yanadai kuwa mgeni huyo ameiona ngome, bali mji hajausoma. Mji wa Kale ni mdogo. Mtu anaweza kuupitia kwa miguu kabla jua halijawa kali. Hata hivyo, sehemu kubwa ya historia yake imo katika majina, na mwanafunzi wa Kiswahili anao ufunguo ambao watalii wengi hawana.

Mfano wa kwanza upo hatua chache kutoka ngomeni, katika barabara iitwayo Ndia Kuu. Mwanafunzi aliyetoka bara huenda akadhani kibao kimekosewa. La hasha! Kimvita hutumia /nd/ pale ambapo Kiswahili Sanifu kina /nj/: ndia ni njia, ndoo ni njoo. Apitaye hapo anakanyaga lahaja ya Muyaka bin Haji, malenga aliyewapa Wamvita sauti katika uhasama wao na Seyyid Said wa Omani mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Tungo zake zilidumu vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na mmishenari W. E. Taylor walipozikusanya; diwani yake ilichapishwa na W. Hichens mwaka wa 1940.

Kinaya ni kwamba mkutano wa mwaka wa 1928 ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji ulifanyika papa hapa Mombasa. Wajumbe waliketi kisiwani kwa Muyaka wakachagua lahaja ya kisiwa kingine. Hoja yao ilikuwa na mashiko, kwani Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuenea bara kwa misafara ya biashara. Lakini natija yake ni kuwa mtoto wa Mji wa Kale anaweza kusahihishwa darasani kwa kutamka neno kama alivyolitamka babu yake. Kibao cha Ndia Kuu, basi, ni miongoni mwa mahali pachache ambapo Kimvita kimeandikwa hadharani bila kalamu nyekundu juu yake.

Jina jingine ni Kilindini. Kilindi ni maji yenye kina kirefu. Bandari ya Kale ilizifaa jahazi zilizokuja na pepo za kaskazi. Meli kubwa zilihitaji kina, nazo zikahamia upande wa pili wa kisiwa. Wenyeji walikuwa wamekwisha kulieleza jambo hilo katika jina kabla ya mhandisi yeyote kupima maji.

Macho nayo yasidharauliwe. Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu mwaka wa 1331, lakini alibainisha kwamba watu walitembea bila viatu, kwamba misikiti ilikuwa ya mbao iliyojengwa imara, na kwamba mlangoni palikuwa na kisima ambapo kila aingiaye aliosha miguu. Aligundua pia kuwa nafaka ya kisiwa ililetwa kutoka kwingineko pwani. Ni wasafiri wachache wa leo ambao wangeyaona hayo kwa wiki nzima. Pamoja na hayo, katika maelezo yake Wamvita wanaonekana tu, hawasikiki.

Mwanafunzi anayekwenda huko hana budi kulijaza pengo hilo. Majina ya mitaa kama Kuze, Kibokoni na Mkanyageni yangali yanatamkwa kila siku. Wanaoweza kusimulia yalivyoanza ni wazee, nao hupatikana barazani baada ya sala ya alasiri.