Chakula cha Msafiri Katika Njia ya Puge

Puge ipo kati ya Tabora na Nzega, kilometa 56 hivi kutoka Tabora. Leo motokaa huenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Lakini katika zama za misafara, mpagazi mwenye mzigo wa frasila 2 alitumia siku tatu au nne, maana mwendo wa siku ulikuwa kama maili 10 tu. Mtu atembeaye hivyo hawezi kuchukua chakula cha safari nzima. Alipewa posho, yaani kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au nguo na ushanga akanunue mwenyewe kijijini.

Walimu na wawape watoto hesabu hii. Vibaba 4 ni pishi 1. Msafara wa watu 400 ukipumzika siku tatu katika kijiji kimoja, ni pishi ngapi zatoka ghalani? Jibu ni 300. Nguo zilizobaki kijijini zilikuwa nzuri, lakini nguo haipikiki, na mvua za Novemba zilipoanza, aliyeuza mtama wake wote alikwenda shamba na njaa. Hongo ilimfikia mtemi. Haikumfikia mwanamke aliyetwanga.

Misafara imekwisha, walakini hesabu ingalipo. Barabara ya lami yapita Puge, na wasafiri hushuka kutafuta chakula kwa mama lishe. Wengi huomba wali au ugali, na si vibaya, kwa kuwa mpunga hulimwa katika mbuga za Nzega. Ila kila sahani ya nafaka iuzwayo yatoka katika ghala lile lile litakalolisha watoto mwezi wa Januari. Kwa nini basi viazi vitamu, ambavyo nchi hii huvipata kwa wingi, vifichwe jikoni kana kwamba ni aibu kumpa mgeni?

Viazi hukaushwa kwa njia mbili. Michembe ni viazi vibichi vilivyomenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa. Tofauti hii si ndogo. Michembe sharti ipikwe. Matobolwa yamekwisha kuiva, na msafiri aweza kuyatafuna njiani bila moto wala chungu. Wakati wake ni kiangazi, Juni hata Agosti, jua likiwa kali na mawingu hakuna. Viazi vikiachwa matutani wakati huo, ardhi hupasuka na fukusi huingia.

Tena havina hatari ya muhogo mchungu, ambao usipolowekwa na kukaushwa sawasawa huwa na sumu. Mwaka 1985, wakati wa ukame huko Tarime, watu walipooza miguu kwa kula muhogo uliotengenezwa kwa haraka. Njaa ndiyo iliyowaharakisha.

Anayetaka kuuza barabarani aanike mbali na barabara yenyewe, kwa sababu vumbi likishika kiazi cha kuchemshwa halitoki. Aanike juu ya jamvi safi au mwamba uliofagiwa, mbuzi wakizuiliwa, na jioni akusanye kabla ya umande. Kipande kilichokauka huvunjika kwa sauti. Kikipinda, kirudishwe juani. Chenye ukungu kitupwe, asipewe mgeni wala mtoto. (Wako wanaokifuta kwa kitambaa wakakiuza: huo ni udanganyifu.)

Michembe ikichemshwa hata ikalainika, ikatiwa karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo, ni chakula cha kumtosha dereva mpaka Nzega. Matobolwa huliwa pamoja na maziwa ya mgando au chai. Yauzwe kwa bakuli moja lisilobadilika, ili mnunuzi ajue kipimo. Na kabla ya kuuza bakuli la kwanza, mwenye nyumba apime ya watu wake hata Machi, kwa kuwa mahindi mabichi hayategemewi kabla ya hapo. Yatakayozidi ndiyo ya barabarani.